Miale ya Jua na Klachi ya Plastiki

Mume wangu alifunga usukani wa gemu kwenye meza yangu ya kusukumia chapati, akaukaza kwa skrubu, akaniambia nisiuguse. Tukala mkate mpaka tukachoka. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye huwaambia watu kwamba mimi nachukia teknolojia. Sichukii teknolojia. Nachukia kunyang'anywa meza.

Wakati huo mimi nilikuwa natafuta leseni. Mwenye chekechea moja ya Msambweni alikuwa ameniahidi kazi ya kuendesha gari la watoto, mradi nifaulu mtihani kabla shule hazijafunguliwa. Nikianguka, kazi anapewa mwingine. Mume wangu naye hakuwa na leseni, ila kwenye kompyuta alikuwa ameshayakimbiza magari yote ya Ulaya, basi akajiandikisha siku moja na mimi. Eti anipe moyo.

Halafu akaitilia kompyuta yake kadi mpya ya picha, ile inayochora michezo.

"Njoo uone, mke wangu! Hii inaufuata mwale wa jua mpaka unapogonga lami. Tazama matone kwenye kioo. Tazama barabara iliyolowa inavyowaka. Huu si mchezo tena, hii ni barabara yenyewe."

"Barabara ya wapi?"

"Ya Ubelgiji."

"Mtihani wangu uko Kwale."

Nikakaa hata hivyo, mtoto nimembeba mgongoni. Picha ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini ile klachi ya plastiki chini ya meza! Nilipoikanyaga mguu ulizama kana kwamba nimekanyaga andazi. Gari halikutetemeka, halikuzima, halikunuka. Nikaupiga ukuta kwa mwendo ambao ungetuua sote, na mwanangu hata hakuamka.

"Nimekufa hapa na mtoto amelala," nikamwambia. "Huo ndio ukweli wako?"

"Wewe unafikiria mguu. Tazama picha!"

"Na mbuzi wa njia ya Kikoneni wako wapi?"

"Hawajawekwa."

"Kadi yote hiyo, hata mbuzi mmoja?"

Akarudi Ubelgiji peke yake. Alhamdulillahi.

Mtihani wetu, kwa asiyeujua, huanzia kwenye ubao. Mji mzima umechorwa kwa rangi juu ya mbao, nawe unasukuma kigari cha kuchezea kwa vidole, ukitaja kila unalofanya: natazama kioo, nawasha indiketa, naingia. Ubao wa shule yetu ya udereva ulikuwa umebanduka rangi hata hospitali ikabaki nusu. Kigari kilikuwa kimepotea, tukatumia kizibo cha soda. Mume wangu alipouona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu, picha za wapi hizi?"

Mwalimu wetu, mama mmoja wa Ukunda asiyejua kunong'ona, alikiweka kizibo juu ya ubao. Alinigeukia mimi. "Nipeleke hospitali, mama."

Nikasukuma kizibo. Natazama kioo, nawasha indiketa, naingia...

"Simama! Umemkanyaga mtoto!"

Niliruka. "Mtoto yupi?"

"Huyo hapo kivukoni, na begi lake la shule."

Palikuwa na mistari myeupe tu, tena imefifia. Lakini chakula cha mchana kilinishinda. Kizibo cha soda kilinitoa jasho ambalo Ubelgiji nzima, na miale yake yote, haikunitoa. Nilimwambia mume wangu hivyo hivyo. Akasema ni hofu, si uhalisia. Nikamwambia anioneshe dereva wa watoto asiye na hofu, nimnyime watoto wangu.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika. Mume wangu akaitwa kwanza mbele ya ubao.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Toka sokoni, nipeleke kituo cha petroli."

Sasa, kwenye mashindano kona hukatwa kwa ndani ili usipoteze mwendo. Mume wangu akakishika kigari kwa madaha, akaivuka raundabauti katikati.

"Bwana, unajua uko wapi?"

"Kwenye kona, afande."

"Uko juu ya maua ya kaunti. Umeanguka."

"Lakini nimeokoa muda!"

Afisa akamtazama kwa huruma, akaniita mimi. Ubao nikaupita, tena kivukoni nilisimama muda mrefu hadi afisa akauliza namngoja nani. Tukatoka barabarani na gari la shule ya udereva. Tulipoanza kuteremka mlima jua likachomoza ghafla, na lami iliyolowa ikawaka mbele yangu yote, nyeupe, sioni mstari wala ukingo. Mguu ukaachia mafuta wenyewe. Nilikuwa nimeshaiona lami ile ile, kwenye meza yangu ya chapati.

Wakati wa kurudi juu afisa akasema, "Simama hapa, kisha ondoka." Hapo picha haikuwa na msaada. Niliiachia klachi polepole mpaka gari likaanza kutetemeka chini ya unyayo, nikashusha breki ya mkono, likarudi nyuma kidogo, roho ikanitoka, halafu likapanda.

Nikafaulu. Mume wangu alikuwa langoni, amemshika mtoto na nepi ya kubadilisha.

"Na jua lile?" akaniuliza kwa hamu. "Lami si ilikuwa inawaka kama kwenye gemu?"

"Sikuona jua lolote," nikamjibu. "Jumatatu naanza kazi. Leo fungua hizo skrubu."

Akazifungua.