Ng'ombe Aliyefufuka Kamukuzi

Nikipita soko la Mbarara siku hizi kuna watu hawanisalimu, wananililia tu, "Mbuuu!", na mimi (msomi wa fasihi, mvi kichwani, mume wa mtu) huitika, maana aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu.

Tulikuwa tumetengeneza filamu ya katuni kule Nakivale, kwenye makazi yetu wakimbizi, mimi na Nabintu, mfinyanzi tuliyejuana naye Kabazana, kituo cha mapokezi, tukingoja kugawiwa viwanja. Hadithi ilikuwa ya Wagiriki wa kale: shujaa anaingia jumba la vichochoro kuua dude lenye mwili wa mtu na kichwa cha ng'ombe dume. Nabintu alifinyanga wote kwa udongo wa kichuguu, tukawa tunasogeza mkono kidogo, tunapiga picha kwa simu, tunasogeza tena, tunapiga tena, mpaka mvua zikaja zikaondoka. Mlio wa dude niliurekodi mimi.

Kosa langu lilikuwa dogo. Nilisema dude tuliwekee pembe za ng'ombe wa huku, zile ndefu zinazotaka kuikumbatia mbingu. Nabintu akaliwekea pembe, akaliwekea na macho ya upole, likatoka zuri kuliko shujaa.

Mama mwenye ukumbi kule Kamukuzi, mtaa wa Mbarara, alitupa Jumamosi moja ya majaribio: watu wakipenda, kila Jumamosi ni yetu, wakitoka katikati, tusirudi. Nabintu alishona gauni jipya.

Ukumbi ulijaa Wanyankole, watu wa ng'ombe, na wanajeshi wa kambi ya jirani na familia zao. Walicheka, walishangilia, mpaka shujaa alipolichoma dude mkuki, likaanguka vumbini. Mtoto akaanza kulia. Afande mmoja akasimama.

"Wewe mzee! Hiyo ng'ombe ilikosa nini?"

Nikainuka kuwaeleza Wagiriki (kosa la pili: nani amewahi kufarijiwa msibani kwa mhadhara?).

"Hao Wagiriki hawana ng'ombe kwao, sebo, bwana?" akauliza mama mmoja, mkoba tayari begani.

Watu wakaanza kuinuka. Nilimwona Nabintu amelikunja pindo la gauni lake mikononi, na maneno yakaniponyoka: "Hajafa! Amezimia tu!"

"Onyesha basi!"

Nabintu (huniita Papa kwa ajili ya mvi) alinitazama. "Papa, unasema mambo gani? Ngoja."

Akafungua zile picha kwenye kompyuta, akaanza kuzirudisha nyuma mojamoja, mkuki ukachomoka, pembe zikainuka kutoka vumbini.

"Lakini sauti haiko mule," akaninong'oneza. "Lia, Papa! Batu banatoka!"

Waya wa kipaza sauti ulikuwa mfupi, haukupita magoti yangu. Mtaka cha mvunguni huinama. Nilipiga magoti mbele ya Kamukuzi nzima, na suti yangu ya mahafali, nikalia kama fahali aliyeona majani mabichi. Ukumbi ukalipuka. Mama akaketi na mkoba wake. Afande alipiga makofi huku akifuta macho, akidhani hatumwoni.

Jumamosi tulipewa, zote. Filamu sasa inaisha vile ilivyoisha siku ile, shujaa anatoka jumbani kinyumenyume, nami niko sakafuni na kipaza sauti changu. Nimeapa kutoua tena ng'ombe Mbarara, hata wa udongo, na Wagiriki wakinuna wanune. Magoti yananiuma, sikatai. Lakini watu wazima, na bunduki zao kambini, walililia kichuguu cha Nakivale, na gauni la Nabintu sasa linajulikana mji mzima.