Aliyekaa Safu ya Kwanza

Anaeli Mbwambo ni fundi wa mashine za eksirei. Mashine ikigoma Mtwara, Songea au Bukoba, hospitali humpigia yeye, naye huondoka nyumbani kwa mama yake, Same, kwenda kupanda ndege uwanja wa KIA. Kuna wiki hulala zaidi mikoani kuliko kitandani kwake.

Kwa kusafiri kote huko, shirika analopanda lilimpa kadi ya dhahabu. Kadi hiyo ilimpa haki ya kuhamishiwa viti vya mbele, vile vipana, kukiwa na nafasi. Miaka ikapita, hakuhamishwa hata mara moja. “Mbele kumejaa,” walimwambia kaunta kila mara bila kumtazama usoni. Siku aliyosisitiza, kijana wa kaunta aliisukuma kadi kwa ncha ya kidole, kama mtu asogezaye sahani chafu, akaita anayefuata.

Hayo aliyavumilia. Ila siku moja alipangiwa safu iliyo nyuma tu ya pazia, na pazia halikufungwa vizuri. Akakiona kiti cha dirishani, safu ya kwanza. Hakikuwa na mtu, lakini mkanda ulikuwa umefungwa na kulegezwa kidogo, kama umezunguka tumbo.

Akamwita mhudumu, Nasrin, ambaye walijuana kwa sura.

“Si mmesema kumejaa? Na kile je?”

Nasrin hakugeuka kukitazama. “Kina mtu, dada.”

Baadaye Nasrin alipeleka chai pale, akainama, akasema jambo kwa sauti ya chini, akangoja. Aliporudi na kikombe, Anaeli alichungulia ndani yake. Kilikuwa kitupu.

Walipotua, Anaeli alingoja abiria wote washuke, akauliza tena. Nasrin akaketi.

“Ni Mzee Eliezeri. Alisafiri nasi mara kwa mara, alikuwa na kadi kama yako. Siku moja miguu ilimvimba, akaomba akae mbele. Nafasi ilikuwepo, kile cha dirishani. Mwenzetu akamwambia aache usumbufu, mzee akarudi kiti chake cha nyuma. Tulipotua hakuamka.”

“Pole.”

“Tangu hapo taa ya kutuita ikawa inawaka pale mbele. Mafundi walibadilisha nyaya, wakabadilisha kiti. Iliacha kuwaka tulipoacha kumkalisha mtu.”

Anaeli anajua nyaya. Alitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Nyumbani alimsimulia mama yake, Asteria, aliyekuwa akichambua maharage. Mama hakushtuka.

“Ulimwamkia?”

“Mama, pale hapana mtu.”

“Wenzako wanampa chai. Wewe unampita mzee hivihivi?”

Safari iliyofuata, Anaeli alipofika safu ya kwanza alisema haraka, “Shikamoo, mzee,” akaenda kukaa, uso umemwaka kwa aibu.

Ndege ilipotulia angani, Nasrin akaja. Midomo ilikuwa imemkauka.

“Umemwambia nini?”

“Nimemwamkia tu.”

“Muda wote huu tunamsemesha, hajatujibu hata neno. Leo ameniuliza wewe ni mtoto wa nani.” Akatupa jicho safu ya kwanza. “Anaomba ukakae naye.”

Anaeli alikwenda, kwa kuwa hakujua mtu anakataaje jambo kama hilo. Akaketi kiti cha kando yake. Kilikuwa kipana kama alivyowaza, lakini ubavu wake wa upande wa dirisha ulipigwa na baridi kama ya mlima Shengena asubuhi ya Julai. Akajitambulisha: mtoto wa Asteria, wa Same, ukoo wao umetoka Mamba, kule milimani. Akaeleza kazi yake. Hakusikia jibu lolote. Ila kila aliponyamaza, mto wa kiti kile ulibonyea kidogo upande wake, kama mtu anayesogea apate kusikia vizuri. Basi akaendelea kusema, machozi yakimtoka bila kujua anamlilia nani.

Magurudumu yalipogusa ardhi, mkanda wa kiti cha dirishani ulifunguka wenyewe. Nasrin naye aliusikia.

Taa haijawaka tena, na kiti sasa kinauzwa kwa abiria. Anaeli bado husafiri, hukaa nyuma, na hajaomba tena kuhamishwa. Mwezi uliopita, akipita kwenda kwenye nafasi yake, aliona pale dirishani kijana mwenye suti. Alikuwa amejifunika shuka mbili, akimuuliza Nasrin kwa upole kama kuna nafasi nyingine, hata ya nyuma.