Maji Yaliyokataa Kuzima

Siku hizi ukitaka kujua kama asali ya Tabora imetiwa sukari unangoja karatasi kutoka Dar es Salaam. Mwaka sabini na sita Hamdun bin Thabit aliiona kwa macho yake, hapa hapa mjini, katika chumba kilichozibwa madirisha.

Alizimua asali, akatia dawa, akaimulika kwa taa ya zambarau. Dawa ile hushikana na asidi amino, ambazo asali inazo na sukari haina, ikawaka buluu. Asali halisi iliwaka. Maji matupu, ya kulinganishia, yalipaswa kubaki giza. Juma lile nayo yaliwaka.

Nyumbani mama yake, Bi Khole, na dada yake Semeni walikuwa wakifunga mizigo. Duka lao la vitambaa lilikuwa limekufa, na ndugu wa Maskati walikuwa wamewatumia nauli wahamie huko. Hamdun aliomba ruhusa awasindikize mpaka Dar es Salaam. Mkuu wake wa maabara, Bwana Damas, hakuwa mtu mbaya, ila asali ya wafuga nyuki ilikuwa imerundikana.

"Maji yakizima, nenda hata leo," alimwambia.

Akabadilisha maji. Akafungua dawa mpya, na asetoni mpya ya kuiyeyushia, kwani ya zamani huenda ilinyonya unyevu. Akavaa glavu, maana hata jasho la vidole lina asidi amino. Wapi! Alasiri ya siku ya safari, kitambaa cha kufutia mirija ya kupimia kilimponyoka kikaanguka chini ya taa. Kikawaka chote.

Vitambaa vile alivifua mama yake, safari hii kwa sabuni mpya ya unga yenye dawa ya kung'arisha, ambayo nayo huwaka buluu chini ya taa ile. Hakuna aliyemwomba. Enzi hizo mzazi hakungoja kuombwa. Leo hata salamu unaidai.

Mirija ilipoachwa ikauke yenyewe, maji yakazima. Bwana Damas akasaini ruhusa, lakini stesheni dirisha la tiketi lilikuwa limeshafungwa.

Bi Khole alimwinamia kutoka kwenye behewa, akamuuliza kama amepata chanzo cha ile taabu yake ya kazini.

"Maji, mama. Yalikuwa machafu."

"Si nilikwambia? Nyie hamchemshi maji. Haya, vitambaa vyako nimekufulia vyote, viko kitandani."

Hamdun akaitikia. Treni ikavuta, naye akaifuata mpaka jukwaa likaisha. Mama alikuwa ameshageuka, anamgombeza Semeni kwa kukalia kikapu cha mayai. Hakuwaona tena.