Hotuba Iliyolowesha Ndakala

Nilikwenda Kalemie kwa sababu moja tu: nilitaka kuona wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanakaushaje dagaa wakati wa mvua. Mimi huanika pale Kibirizi, Kigoma, na kila masika nakula hasara. Kwa hiyo ilipotangazwa ziara ya wafanyabiashara kubadilishana ujuzi, nilijiandikisha siku ileile. Mratibu wa ziara naye alikuwa na sababu yake. Alitaka kuhutubia. Bwana huyo hajawahi kuanika hata shati lake mwenyewe, lakini begi lake lilijaa karatasi za namna ya kukausha samaki.

Tukiwa kwenye boti, kabla hata milima ya Kigoma haijapotea, alianza kutuelekeza tabia njema nyumbani kwa watu. Tusile kupita kiasi, tusiulize bei, na mtu asikatizwe anapozungumza. Mtu mwenyewe ni yeye. Wenzangu walikuwa wanatapika kwa mawimbi, naye anaendelea. Debe tupu haliachi kuvuma, hata katikati ya ziwa.

Kalemie, asubuhi tuliyoshuka, tulipelekwa kwanza kwa muoka mikate mmoja karibu na daraja la mto Lukuga. Mkate wake ulikuwa wa moto na ulinukia vizuri, na mimi sikuwa nimekula. Mratibu akasimama mlangoni kumweleza umuhimu wa kumjali mteja. Wateja wenyewe walikuwa nyuma yetu, wamepanga mstari, hawapati mkate kwa sababu sisi tumeziba mlango. Muoka mikate aliitikia tu, "Ndiyo, Papa. Aksanti, Papa," huku macho yake yako nje. Niliona aibu.

Jioni tukagawiwa familia za kutupokea. Mimi na Mratibu tuliangukia kwa Mama Adolfina, muanikaji ndakala. Ndakala ndio dagaa wetu hawahawa. Alitupikia bukari, ule ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese, akatuachia na vitanda vizuri. Tulipokuwa tunaosha vyombo aliniambia jambo lililokuwa moyoni mwake.

"Mama Zena, treni ya Kabalo inapakia kesho jioni. Haipakie kila siku. Mudogo wangu iko ananingojea kule, hana kitu kingine cha kuuza. Ndakala zikikauka kesho, zinaenda. Zisipokauka, zitaoza ndani ya gunia."

Kesho yake, jua lilipopanda, ndakala walikuwa wametandazwa kwenye mchanga nyuma ya nyumba, weupe, wamebakiza kidogo tu kukauka. Ndipo Mratibu alipoomba viti. Aliwaita na wenzetu wa ziara, akatukalisha sote uwanjani mbele ya nyumba, na mwenye nyumba mbele kabisa, akafungua karatasi zake: hasara ya samaki na jinsi ya kuizuia. Alisema mchanga ni mbaya, chanja, ile meza ya miti ya kuanikia, ni bora. Kweli chanja ni bora, mimi mwenyewe naitumia. Lakini chanja haijengwi kwa mdomo.

Kukaingia kibaridi. Mawingu yalitokea upande wa milimani, meusi, na watu wa nyumba za jirani wakaanza kukusanya vitu vyao. Mama Adolfina aliyaona. Miguu yake ilikuwa inachezacheza chini ya kiti, lakini hakuinuka. Nikamnong'oneza, "Mama, nenda kwenye samaki wako."

"Minaona, mama. Lakini mugeni iko anasema. Kumuacha mugeni anasema peke yake ni haya kubwa kwetu."

Nilingoja Mratibu akohoe anyamaze. Alikohoa, akanywa maji, akageuza ukurasa. Nikainuka.

"Mama Zena, kaa. Bado sijamaliza."

"Basi yaambie na mawingu yasubiri," nikamjibu, nikamshika mwenyeji wangu mkono, tukatoka mbio. Heshima ile yeye hakuweza kuivunja. Niliivunja mimi kwa niaba yake.

Tulizoa kwa mikono, kwa ungo, kwa vitenge vyetu, mchanga na samaki pamoja. Mvua ikatukuta katikati. Nusu tuliifunika kwa turubai. Nusu nyingine ililowa mbele ya macho yetu, ikawa rojo. Mama Adolfina alisimama akaitazama.

"Nimeumia," alisema. Kisha akaingia jikoni kuwapikia wageni.

Mratibu alikuwa amehamia barazani na karatasi zake kavu kabisa. "Mvua ni baraka," akatwambia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, mwenyeji akaugua. Jioni ile gunia lililokwenda Kabalo lilikuwa nusu, na hasira yangu mpaka leo haijaisha.

Siku ya kuondoka, Mama Adolfina alitusindikiza bandarini na vifurushi viwili. Cha Mratibu kilikuwa kikubwa, ndakala weupe safi, aliokwenda kuwatafuta kwa jirani. Changu kilikuwa kidogo, kimefungwa kwa kipande cha kitenge. Nilipokipapasa kilikwaruza.

"Hizi njo zenye tuliokota mimi na weye," akaniambia taratibu. "Ziko na muchanga. Mugeni hapewe chakula cha muchanga. Lakini weye si mugeni tena."

Kwenye boti Mratibu alichungulia kifurushi changu, akanihurumia. "Wewe wamekupa makapi," akasema. Ningemjibu angeanza hotuba.

Nimerudi Kibirizi. Mratibu amewaweka ndakala wake kwenye sahani ya kioo juu ya meza ya ofisi, anawaonyesha watu kuwa ni matunda ya mafunzo yake. Mie wangu wako jikoni. Nimewapepeta, nimewaosha, mchanga haujaisha. Nawala hivyohivyo.