Mkanda wa Kibuyu

Nacheka kabla hamjanicheka. Nilirudi kutoka vita vya Burma na homa iliyoninyang'anya nguvu za kiume. Mimi na mke wangu tukakubaliana nichonge uume wa mti, niuvae kwa mkanda. Wa kwanza niliuchonga kwa majivuno. Mke wangu akautazama, akauliza, "Baba Eliya, huo ni wa kujengea zizi?" Nikachonga mdogo, nikaulainisha kwa samli.

Mkanda nilishonewa Usa River, na fundi wa matandiko ya farasi wa walowezi. Nilimdanganya kwamba ile pete ya chuma ya katikati ni ya kuning'iniza kibuyu cha maji mgongoni, nikiwa shambani. Siku ya kwanza mkanda ulilegea, mti ukahamia pajani. Tukaongeza tundu, mambo yakanyooka.

Kumbe fundi aliupenda ubunifu wangu. Akashona mingine, akawauzia wakulima wenzangu wa kahawa. Jumapili moja, tulipotoka ibadani, mzee wa kanisa akaniletea mkanda wake na kibuyu. "Wewe ndiye uliyeubuni. Hebu tuonyeshe unavyovaliwa."

Mikono yangu ikafanya ilivyozoea: pete mbele, chini ya kitovu, nikavuta, nikakaza.

"Si ulisema mgongoni?" akauliza mzee.

Mke wangu akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini. Wanawake wakamtazama yeye, wakaitazama pete, kisha mmoja mmoja wakaanza kutazama mikanda ya waume zao.