Tunda Tulilolizika Shambani kwa Jacktone

Nimewahi kuhudhuria mazishi ya tunda.

Msicheke. Kwetu Kosele, mtu akipotea kabisa, familia huzika tunda la yago badala yake. Ni refu na zito, kama mguu wa mtu. Likishafunikwa udongo, ni yeye, na hata akirudi hapokelewi tena.

Mimi hupakia viazi vitamu kwenye malori ya Nairobi. Lori likichelewa, viazi vinaozea kando ya lami na akina mama wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndiyo maana nilitafuta mwekezaji mpaka nikampata. Bi Moraa, wa kampuni ya uchukuzi. Alikubali kutujengea ghala na maegesho ya malori.

Shamba lililofaa lilikuwa la binamu yangu, Jacktone.

Jacktone akasikia kwamba kaburi likiwa shambani, kampuni hulipa fidia. Siku hiyo hiyo akatangaza msiba wa kakake Frankline, aliyevuka kwenda Tanzania akanyamaza.

"Omera, ndugu yangu, nani amekwambia amekufa?" nikamuuliza.

"Na wewe nani amekwambia yu hai? Usiniharibie, boss."

Simhukumu. Shida zake nazijua.

Tukazika yago. Mama yao, Dolphine, alilia mpaka sauti ikakauka. Yeye hakuwa anaigiza.

Bi Moraa hakubisha. "Fidia tutalipa. Familia ihamishe kaburi, tuanze kujenga."

Jacktone akatafuta vibarua wa kufukua. Wote waliogopa, wakakataa. Akashika jembe mwenyewe, akasimama nalo, kisha akaliweka chini. Hata yeye aliogopa.

"Umenizikia mtoto," mama akamwambia. "Sasa unataka kumchimbua kama kiazi?"

Nikamsihi Bi Moraa abadilishe mchoro. Haikuwezekana, njia ya malori ilipita hapo hapo penye kaburi.

Ghala likaenda kujengwa mji mwingine, Rongo.

Baadaye simu yangu ikalia. Namba ya Tanzania.

"Ni Frankline. Nimeona mtandaoni mnajengewa ghala. Huku nimejifunza kuendesha lori. Narudi nyumbani, niwekee kazi."

Nilimpelekea mama yake simu. Hakuipokea.

"Wangu nimeshamlilia nikamaliza. Huyo simjui. Mwambie asije."

Jacktone alikuwa ameketi mlangoni, anasikia yote.

Ndugu zangu, njaa ya fidia isiwafanye mchezee desturi ambayo ninyi wenyewe mnaiogopa. Sisi ghala hatuna, fidia hatukuiona, na Frankline hana kwao.