Ushindi wa Venant

Mimi ni Mmeru, siasa za Burundi hazinihusu ndewe wala sikio. Lakini Verdiane, Mrundi, ni mwenzangu wa kazi. Tunaogesha wazee pamoja katika nyumba ya wazee huko Seven Hills, hapa Sydney, na mkishafanya kazi kama ile pamoja, shida ya mwenzako inakuwa yako.

Mama yake alibaki kwao Burundi, Rutana, mgonjwa wa kisukari. Sindano za insulini alizipata bure kwenye zahanati iliyoendeshwa kwa pesa za Ulaya. Mwaka 2015 nchi ikachafuka, watu wakauawa, na Wazungu wakaketi huko kwao kutafuta jinsi ya kuitia serikali adabu. Wakaona wakate misaada. Akili gani hizo? Kwani mawaziri ndio waliokuwa wakipanga foleni ya sindano Rutana?

Hapa Sydney mshabiki wao mkubwa alikuwa Venant, katibu wa chama cha Warundi, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua maziwa. Aliandamana Parramatta, akapayuka mbele ya kamera: "Kateni hata senti ya mwisho!" Misaada ilipokatwa, akaita watu kwake Rooty Hill washerehekee. Ati ushindi! Verdiane naye, maskini, ndiye aliyewapikia ndizi na maharage, maana aliambiwa watakaobanwa ni wakubwa.

Wakubwa wapi! Wakubwa waliendelea kunenepa. Zahanati ndiyo iliyokonda: sindano zikaadimika, muuguzi akaondoka, mwisho mlango ukatiwa kufuli. Jumapili moja, mimi nikiwapo, Verdiane akamsimamisha Venant nje ya kanisa.

"Katibu, wewe unajuana na hao Wazungu. Waambie basi warudishe dawa tu. Mama anaishiwa."

Venant akamgusa bega. "Verdiane, ukombozi una gharama zake. Vumilia."

Vumilia! Na mama yake mwenyewe anaishi naye Rooty Hill, anapimwa sukari kila asubuhi kwa gharama ya serikali ya hapa! Mkombozi wa sebuleni, huyo. Nilitamani nimtemee mate.

Mama yake Verdiane akafa. Wakamzika kule, binti akalia huku. Warundi wakitoka kuzika, kila mtu hunawa mikono kwanza, ndipo aketi na wafiwa na kupewa kinywaji. Kaburi lilikuwa mbali, lakini Verdiane aliweka beseni mlangoni mwa fleti yake vilevile, mimi nikashika jagi.

Venant naye akaja, tai nyeusi, hotuba ya rambirambi mfukoni. Akakunja mikono ya shati, akanyoosha viganja. Nikainua jagi, shingo upande.

Verdiane akaja akalichukua mkononi mwangu. Hakupaza sauti.

"Hapana, katibu. Wewe usinawe. Kaa nayo hivyohivyo."

Akamwita aliyekuwa nyuma ya katibu, akammiminia maji, kisha aliyefuata, na aliyefuata. Walimpita Venant mmoja mmoja wakaingia ndani, wala hakuna aliyemwombea msamaha.